Kijitabu cha shilingi mbili kilichowatoa Wamarekani aibu ya kumkana mfalme

Kuna kitu kwenye historia ya Marekani ambacho kilinichukua muda kukielewa. Vita vyenyewe vilianza 19 Aprili 1775, kule Lexington na Concord, Massachusetts, watu wakatwangana risasi na askari wa Kiingereza, maiti zikazikwa pande zote mbili. Juni wakakutana tena Bunker Hill na hapo ndo damu ilimwagika kweli kweli. Lakini uhuru wakaja kuutangaza Julai 1776. Yaani zaidi ya mwaka mzima watu wanapigana na jeshi la mfalme George wa Uingereza aliyekuwa anawatawala, huku wanasema mfalme ni wetu, tunampenda, sisi ni watoto wake. Hata George Washington, ambaye tayari alikuwa kamanda, kwenye barua zake alikuwa analiita jeshi la adui jeshi la mawaziri. Kama vile mfalme hana habari, wabaya ni mawaziri, siku akiambiwa ukweli atarekebisha.

Hiyo lugha tunaijua. "Mzee mwenyewe hana shida, tatizo ni waliomzunguka." Umeisikia mara ngapi kwenye daladala?

Sasa habari ya vijitabu vya siasa na uhuru wa Marekani huwa inasimuliwa hivi: watu walikuwa wamelala, akaja Thomas Paine na kijitabu chake cha Common Sense, yaani akili ya kawaida, Januari 1776, wakaamka, Julai wakajitangazia uhuru. Mimi hiyo picha siikubali. Hawakuwa wamelala hata kidogo, walikuwa na hasira miaka kumi na zaidi mfululizo na walishaandika vijitabu mpaka basi, waliokaa kuvihesabu wanasema kati ya 1750 na 1776 vilichapwa zaidi ya 400 vinavyohusu huo mgogoro. Hasira walikuwa nayo, hoja walikuwa nazo, bunduki walikuwa nazo. Kilichokuwa kinawazuia ni aibu. Kulikuwa na neno moja halitamkiki mbele za watu, Paine akalitamka kwa sauti, kwa Kiingereza cha sokoni, watu wakashtuka kumbe kila mtu alikuwa nalo kooni.

Ukitaka kujua kwa nini karatasi ndo iligeuka silaha anza na ushuru wa stempu wa 1765. Serikali ya London ilikuwa imetoka kwenye vita virefu na Wafaransa, vimeisha 1763, madeni mpaka shingoni, wakaamua makoloni yao ya Marekani yachangie na cha kutoza wakachagua karatasi. Gazeti lina ushuru, kijitabu kina ushuru, hati ya ardhi, karatasi za mahakamani, leseni ya kuuza pombe, diploma ya chuo, tangazo la gazetini shilingi mbili, pakiti ya karata shilingi moja. We angalia hapo umemgusa nani. Umemgusa mwenye mtambo wa kuchapa, umemgusa wakili, umemgusa na mwenye kilabu ambapo watu wanakaa jioni kusomeana magazeti, wote kwa mpigo mmoja. Mtu mwenye nia mbaya na ufalme asingeweza kupanga vizuri zaidi. Gazeti la William Bradford wa Philadelphia, Pennsylvania Journal, toleo la 31 Oktoba 1765, siku moja kabla ushuru haujaanza, lilitoka limepangwa kama jiwe la kaburi, mistari minene myeusi, na fuvu la mtu limewekwa pembeni. Huyu Bradford mkumbuke, tutarudi kwake. Ushuru wenyewe ulifutwa Machi 1766, miezi michache tu, ila mazoea ya kupigana kwa maandishi hayakufutika.

Vijitabu vya mwanzo vilikuwa vya mawakili na vinanukia uwakili. James Otis wa Boston 1764, Daniel Dulany wa Maryland 1765, watu wenye akili sana, wanabishana kama Bunge la London lina haki ya kutoza kodi watu wasio na mbunge, wanatofautisha kodi ya kukusanya mapato na ushuru wa kuratibu biashara, wanatupia na Kilatini kidogo. Ukivisoma leo unakubali kila hoja na unasinzia. Aliyevuma kuliko wote ni John Dickinson, ambaye kuanzia Desemba 1767 alitoa gazetini barua kumi na mbili, baadaye zikakusanywa kuwa kijitabu, akijiita mkulima wa Pennsylvania. Mkulima gani, jamaa alikuwa wakili aliyesomea London na mmoja wa matajiri wa eneo lile! Lakini watu walizipenda, karibu kila gazeti kwenye makoloni lilizichapa, akawa staa. Alikuwa anapinga ushuru mpya wa kioo, madini ya risasi, rangi, karatasi na chai, na alipinga kwa hoja zilizonyooka. Ila njoo kwenye ushauri wake. Anawaambia watu tuwe kama watoto wenye adabu waliopigwa bila kosa na mzazi wanayempenda, tumlalamikie mzazi wetu, ila malalamiko yetu yawe na huzuni na heshima ndani yake.

Mtoto na mzazi. Hiyo picha ndo iliwafunga. Maana ukishakubali kwamba yule ni baba, utalia, utanuna, utasusa chakula, utapiga magoti, lakini kumfukuza baba nyumbani kwake hamna lugha hiyo. Na kila kijitabu cha miaka ile kilikuwa kinazunguka humohumo, kinalaumu Bunge, kinalaumu mawaziri, kinalaumu magavana, kikifika kwa mfalme kinavua kofia.

Nisogee pembeni kidogo nieleze kijitabu chenyewe kilikuwa kitu gani, maana tukisema kijitabu mtu anafikiria kitu chenye jalada zuri. Kilikuwa ovyo tu. Karatasi kubwa inachapwa pande zote mbili, inakunjwa mara tatu, inakupa kurasa 16, unaziweka karatasi kadhaa pamoja, unatoboa pembeni na kupitisha uzi, umemaliza. Herufi za risasi zinapangwa moja moja kwa mkono na zinasomeka kinyume. Mtamboni wanasimama watu wawili, mmoja ana mipira miwili ya ngozi iliyojazwa sufu anaipiga wino na kuigonga juu ya herufi, mwingine anaweka karatasi na kuvuta mkono wa mtambo kwa nguvu zake zote, na ile mipira ya ngozi usiku ilikuwa inalowekwa kwenye mkojo isikauke, kwa hiyo unaweza kufikiria harufu ya sehemu ambayo demokrasia ya Marekani ilipikwa. Mafundi wazuri walikuwa wanatoa kama karatasi 240 kwa saa, upande mmoja. Piga hesabu: kijitabu cha kurasa 48 ni karatasi tatu, pande mbili, nakala elfu moja ni mivuto 6000, ni saa 25 za kuvuta chuma. Siku mbili tatu hivi ukishamaliza kupanga herufi.

Maana yake nini? Maana yake mtu akikuchokoza wiki hii, baada ya wiki chache majibu yako yako mtaani. Kitabu kikubwa cha kutoka London kinakuja na meli miezi miwili na bei yake ni ya wenye nazo. Kijitabu kilikuwa mabishano ya moja kwa moja. Mwishoni mwa 1774 mchungaji mmoja wa upande wa mfalme, Samuel Seabury, alitoa vijitabu New York akijiita naye mkulima (sijui kwa nini kila mtu alitaka kuwa mkulima), akajibiwa na mwanafunzi wa chuo ambaye hata miaka 21 hajafikisha, anaitwa Alexander Hamilton, Seabury akajibu, Hamilton akarudi Februari 1775 na kingine kirefu zaidi. Kijana hana jina, hana ukoo, kahamia juzi kutoka visiwa vya Karibi, anabishana na mchungaji mzima na watu wanasoma. Tena hakuweka jina lake, na hiyo ndo ilikuwa kawaida, kwenye karatasi huulizwi umetoka kwa nani.

Na kusoma kwenyewe siyo lazima ujue kusoma. Mtaani kwetu nilipokuwa mdogo gazeti moja la kinyozi lilikuwa linahudumia watu ishirini, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza na kukatiza, na msomaji akitaka anaongeza chumvi yake humohumo na hamna wa kumkagua. Vilabu vya Philadelphia na Boston vilikuwa hivyohivyo. Kwa hiyo kijitabu kilichoandikwa kwa ajili ya macho na kilichoandikwa kwa ajili ya masikio ni vitu viwili tofauti, na mawakili walikuwa wanaandika cha macho.

Sasa huyu Paine. Amezaliwa Thetford, Uingereza, 1737, baba yake alikuwa fundi wa koseti, zile nguo za kukaza kiuno, na yeye akajifunza kazi hiyohiyo. Baadaye akawa ofisa wa ushuru, akafukuzwa, akarudishwa, akafukuzwa tena 1774. Ndoa ikavunjika. London akakutana na Benjamin Franklin ambaye alimpa barua ya utambulisho, na barua yenyewe siyo ya kumwombea makubwa, inasema huyu anaweza kufaa kuwa karani, au msaidizi wa mwalimu shuleni, au msaidizi wa mpima ardhi. Basi. Akafika Philadelphia mwisho wa Novemba 1774 anaumwa homa aliyoipata melini, hawezi kutembea, wakambeba kumshusha. Umri miaka 37, hana mbele hana nyuma. Akapata kazi ya kuhariri jarida. Miezi kumi na tatu baadaye ndo kaandika kitu ambacho mabwana waliozaliwa palepale walishindwa kukiandika.

Na hapa kuna mtu mmoja anatuonesha ile aibu ninayoisema ilikuwa nzito kiasi gani. Daktari Benjamin Rush, rafiki yake, yeye ndo alimsukuma aandike. Kwa nini asiandike mwenyewe? Alikuwa na wagonjwa na jina la kulinda mjini, Paine hakuwa na cha kupoteza. Na kwa maelezo ya Rush mwenyewe, alimwonya Paine kuna maneno mawili ayaepuke, uhuru na jamhuri. Yaani anayekutuma ukaseme anakuomba usiseme! Paine akayaandika. Rush ndo alipendekeza jina la kijitabu pia, Paine alitaka kukiita Plain Truth, yaani ukweli mtupu, na Rush ndo alimtafutia mchapaji mwenye moyo, Mskoti mmoja anaitwa Robert Bell.

Kikatoka wiki ya pili ya Januari 1776, bei shilingi mbili, jina la mwandishi halipo. Siyo uoga wa bure, mambo haya yalikuwa uhaini. Wasomaji wa huku tunajua ufalme ule haukuwa na mchezo na karatasi hata karne mbili baadaye, 1958 Nyerere alipigwa faini ya shilingi 3000 kwa aliyoandika kwenye Sauti ya TANU kuhusu madisii wawili tu, mama malkia hakuguswa hata ukucha.

Ukikifungua, kitu cha kwanza unachokutana nacho siyo kodi. Ushuru wa stempu, chai, sijui nini, vyote kaviweka pembeni. Anaanza na swali la serikali ni kitu gani, anasema hata iliyo bora kabisa ni ubaya tu ambao hatuna jinsi, alafu anaenda moja kwa moja kwenye ufalme. Na anaingia kupitia Biblia. Samweli wa kwanza sura ya nane, pale Waisraeli wanamwendea nabii wanamwambia tupe mfalme kama mataifa mengine, na Samweli anawaambia haya, mfalme mnayemtaka atawachukua wana wenu wakimbie mbele ya magari yake, atachukua mashamba yenu, mizabibu yenu, fungu la kumi la mbegu zenu, mtalia siku hiyo na Mungu hatawasikia. Paine ananukuu kipande kirefu na kukichambua mstari kwa mstari kama mhubiri wa Jumapili. Cha kuchekesha ni kwamba miaka baadaye alikuja kuandika kitabu cha kuishambulia Biblia yenyewe na kikamponza, lakini 1776 alijua anaongea na nani. Mkulima wa New England hajasoma sheria za kodi ila Samweli anamjua, amemsikia tangu yupo kwenye mgongo wa mama yake. Ukimwonesha kwamba kumpiga mfalme chini siyo dhambi, kwamba kumtaka mfalme ndo ilikuwa dhambi, umemfungua pingu ambayo mawakili hawakujua hata kama ipo.

Alafu akaenda kwenye ile habari ya mzazi. Wanasema Uingereza ni mama yetu? Basi ndo aibu zaidi kwake, hata wanyama hawali watoto wao. Na nani kasema ni mama? Ulaya nzima ndo mama wa Marekani, hata Pennsylvania hii hapa, anasema, thuluthi moja ya watu haifiki wenye asili ya Kiingereza. Hiyo haikuwa porojo, Philadelphia ilijaa Wajerumani, na kijitabu kilichapwa kwa Kijerumani mwaka huohuo. Kuhusu heshima ya ukoo wa kifalme akawakumbusha ulikotoka: mwana haramu wa Kifaransa kashuka ufukweni na genge la majambazi wenye silaha akajifanya mfalme wa Uingereza bila ridhaa ya wenyeji. Ndo William Mshindi huyo! Kuhusu ukubwa akasema ni upuuzi bara zima litawaliwe milele na kisiwa. Mfalme George mwenyewe akamwita mnyama. Wewe uko kilabuni, mtu anasoma hayo kwa sauti, na paa halianguki. Unamwangalia jirani yako, naye kakutazama, anatabasamu. Nafikiri kazi ya kile kijitabu ilifanyika pale, kwenye kuangaliana. Kabla ya hapo kila mtu alidhani ni yeye peke yake mwenye mawazo ya laana.

Lakini tusimpe Paine sifa zote, bahati ilimbeba. Siku ileile kijitabu kinatoka, kwa maelezo yake mwenyewe, ndo hotuba ya mfalme ya Oktoba bungeni iliingia Philadelphia. Na mfalme kasema nini? Kasema huu uasi ni wazi unafanywa kwa lengo la kuanzisha dola huru. Mwenyewe ndo kalitamka neno! Mwaka mzima watu wanaapa hatutaki kujitenga, kabla ya hapo Julai 1775 walimwandikia ombi la amani, aliyeliandika kwa sehemu kubwa ni yuleyule Dickinson, na jibu la mfalme lilikuwa tangazo la Agosti kwamba ninyi ni waasi. Ile hadithi ya "Mzee hajui" ikafa. Kulikuwa na moto pia, jeshi la majini lilikuwa limeuchoma mji wa Falmouth Oktoba, na siku ya mwaka mpya Norfolk ikawaka. Washington akaandika 31 Januari kwamba hoja mbili tatu nyingine za moto kama zile za Falmouth na Norfolk, ukijumlisha na mafundisho ya Common Sense yasiyojibika, hatabaki mtu anayesitasita kuhusu kutengana. Ona kaviweka pamoja, moto na kijitabu. (Norfolk yenyewe uchunguzi wa Virginia baadaye ulionesha nyumba nyingi zilichomwa na askari wa upande wao wenyewe, ila hilo halikuandikwa kwenye kijitabu.) Tarehe 1 Aprili akaandika tena, kwamba Common Sense inafanya mabadiliko makubwa kwenye akili za watu kule Virginia.

Kuhusu mauzo utasikia nakala 120,000 ndani ya miezi mitatu, wengine wanapandisha mpaka nusu milioni. Ile ya 120,000 ilitoka mdomoni kwa Paine mwenyewe na mwandishi anayekuhesabia nakala zake usimwamini sana. Makoloni yote yalikuwa na watu kama milioni mbili na nusu, karibu nusu milioni kati yao watumwa, na mitambo ni ile ya kuvuta kwa mkono niliyokueleza, kwa hiyo nusu milioni ni ndoto, na wapo wanahistoria wanaoishusha hata ile 120,000. Kilichosaidia kisambae ni ugomvi. Paine alisema sehemu yake ya faida iende kununua glavu za sufu za askari waliokuwa wanapelekwa Quebec kwenye baridi, Bell akamwambia faida hamna, wakagombana hadharani gazetini, Paine akachukua kijitabu chake akaongeza maneno akakipeleka kwa Bradford, yuleyule wa fuvu, na toleo jipya likauzwa shilingi moja. Bell naye hakuacha kuchapa. Wachapaji wengine miji mingine wakaona ruhusa, hakimiliki hamna, kila mtu akachapa chake. Bei ikashuka, makelele yakapanda. Hakuna matangazo ya biashara kama wachapaji wawili wanaotukanana. Na Bell, mfanyabiashara haswa, upande wa mfalme ulipotoa majibu kwa jina la Plain Truth, lile jina ambalo Paine alilikosa, aliyechapa ni nani? Bell.

Kuna upande mwingine ambao hausemwi sana kwenye sherehe. Ushindi wa vijitabu haukuwa wa hoja tupu. Novemba 1775 kundi la wapanda farasi waliingia New York mchana kweupe, wakavunja mtambo wa James Rivington, mchapaji aliyekuwa anaisaidia serikali, na kuondoka na herufi zake. Machi 1776 mchapaji mwingine hapohapo New York, Samuel Loudon, alichapa jibu la kumpinga Paine, wakaingia kwake usiku wakabeba nakala zote wakazichoma. Loudon hakuwa hata mtu wa mfalme, alikuwa upande wao, kosa lake ni kukubali kazi ya mteja. Kwa hiyo mtu akikwambia umma ulisoma pande zote mbili ukaamua, mwambie upande mmoja ulikuwa unasomwa na mwingine unawashiwa moto.

Alafu nirudi kwenye neno "makoloni" maana linatupoteza sisi. Tukilisikia tunamfikiria babu zetu. Wale hawakuwa babu zetu kwenye hii hadithi, wale walikuwa walowezi. Mfano wa karibu zaidi kwetu ni Ian Smith na wenzake kule Rhodesia, ambao 11 Novemba 1965 walijitangazia uhuru kutoka Uingereza kwa tamko ambalo maneno yake ya kuanzia yalifuatisha kabisa lile la 1776, na hawakuwa wanatania. Babu zetu walikuwa mashambani Virginia wanapalilia tumbaku, na wao walipata karatasi yao, ila ilitoka upande wa pili. Gavana wa Virginia, Lord Dunmore, alipofukuzwa mjini akaishi kwenye meli, akatuma askari Norfolk wakapora mtambo wa kuchapa wakaupandisha melini, na 7 Novemba 1775 akatoa tangazo kwamba mtumwa yeyote wa waasi anayeweza kubeba silaha akija kwake yuko huru. Karatasi moja ya ukurasa mmoja. Mamia ya watu weusi wakatoroka usiku wakamfuata, na wengi waliishia kufa kwa ndui kwenye kambi na meli zake. Dunmore mwenyewe alikuwa na watumwa, na wa mabwana watiifu kwa mfalme hakuwagusa, kwa hiyo utu hapo haukuwepo. Lakini tangazo lake liliwasukuma mabwana shamba wa kusini kwenye uhuru kwa kasi ambayo sidhani Paine peke yake angeiweza. Wale hawakusoma Samweli, walihesabu watumwa wao asubuhi.

London waliuona huo unafiki mapema. Samuel Johnson, yule wa kamusi, ambaye alikuwa analipwa pensheni na serikali na aliandika kwa kuagizwa, alitoa kijitabu 1775 akauliza imekuwaje kelele kubwa za uhuru tunazisikia kutoka kwa wanaowaswaga watumwa? Swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa kwenye vita ile ya karatasi, na halikumbadilisha mtu hata mmoja kule Marekani, kwa sababu limeandikwa kwa ajili ya kuwacheka. Aliyeandika kuwacheka na aliyeandika kuwapa ujasiri hawawezi kuvuna sawa.

Kama unataka ushahidi wa kwamba aibu ilitoka, achana na hesabu ya nakala, angalia vikao. Kuanzia Aprili mpaka Julai 1776 miji, kaunti na mabunge ya makoloni yalitoa maazimio kama tisini hivi ya kuunga mkono uhuru. North Carolina waliwaruhusu wajumbe wao kwenye Kongresi, kile kikao cha makoloni yote kule Philadelphia, 12 Aprili, Virginia wakawaagiza wao 15 Mei wapendekeze kujitenga. Ni watu wa kawaida vijijini wanakaa kikao, wanaandika kwa mkono wao neno ambalo Januari daktari wa Philadelphia alikuwa anaogopa kuliona limechapwa.

Kura ya uhuru ikapigwa kwenye Kongresi 2 Julai. Pennsylvania ilikuwa bado imegawanyika na bila yao picha ingeharibika. John Dickinson, mkulima wa uongo, mtu wa barua kumi na mbili, siku moja kabla alisimama akahutubia kwa muda mrefu kupinga, akasema bado, hatuna washirika, tunaenda baharini kwenye dhoruba na mtumbwi wa karatasi. Hiyo mtumbwi wa karatasi ni maneno yake kweli. Asubuhi ya kura hakuingia ukumbini, akakaa nje, na bila yeye na mwenzake Robert Morris wajumbe wa Pennsylvania waliobaki wakapitisha tatu kwa mbili. Tamko hakulitia saini. Ndani ya mwezi huohuo akavaa sare, akachukua kikosi chake cha wanamgambo wa Philadelphia na kwenda nacho New Jersey kulinda kitu ambacho alikataa kukipigia kura.